Majumba ya Milima ya Urbino na Mali Iliyoyajenga

Mtu wa Mombasa apitaye Ngomeni kila siku haoni ajabu ukuta ule mkubwa. Ameuzoea tangu utotoni. Kwamba Wareno walianza kuujenga mwaka 1593, na kwamba Waarabu wa Omani waliuzunguka tangu Machi 1696 hata wakauteka Desemba 1698, haya kila mtoto wa chuo na wa shule amekwisha kuyasikia. Linalosahauliwa ni kuwa aliyeichora ngome ile hakuwa Mreno. Alikuwa Mtaliani wa Milano, jina lake Giovanni Battista Cairati, naye alichora kwa elimu aliyotoka nayo kwao. Wajuzi wa majengo wanaoitazama ramani yake husema ni kama mtu aliyelala, ana kichwa na mikono na miguu, na kwamba fikra hiyo ya kujenga kwa kipimo cha mwili wa binadamu ni ya Wataliani wa karne ya 15. Shirika la UNESCO lilipoiingiza ngome hiyo katika urithi wa dunia mwaka 2011 lilitaja jambo hilo hilo.

Basi nilipojaaliwa safari ya kwenda kumtazama mpwa wangu, ambaye anasoma Italia, sikutaka kuona Roma wala Venice. Nilimwambia anipeleke milimani, mahali walipoishi wale waliochora ngome za kwanza za namna ile. Akacheka. "Mjomba," akasema, "bahati yako. Mimi nakaa huko huko."

Mji anaosoma unaitwa Urbino, na chuo chake kikuu ni cha tangu mwaka 1506. Treni haifiki. Mtu hushuka Pesaro, mji wa pwani ya bahari ya Adriatiki, akapanda basi, na basi hupanda nalo. Vilima vya huko si virefu vya kutisha; hufuatana kimoja baada ya kimoja kama mawimbi ya kusi, na juu ya kila kimoja pana kijiji kilichozungushiwa ukuta, au mnara, au ngome. Nilihesabu kumi nikachoka. Nikamwuliza mpwa wangu, watu hawa walikuwa wakimwogopa nani? Akanijibu: "Wakiogopana wao kwa wao."

Na hiyo ndiyo hakika. Katika karne ya 15 hapakuwa na dola moja iitwayo Italia. Palikuwa na Papa katika Roma, wafanyabiashara wa Venice, watawala wa Milano, mabwana wa Florence, mfalme wa Napoli, na katikati yao watawala wadogo wadogo wenye vilima viwili vitatu na ardhi kavu isiyotoa mavuno ya kutosha. Wakubwa wale walikuwa na fedha lakini hawakupenda kupigana wenyewe. Wadogo hawa hawakuwa na fedha, lakini walikuwa na vijana wa milimani wasioogopa baridi wala njaa. Basi ikawa biashara. Mtawala mdogo huandikiana mkataba na mji mkubwa: nitakuletea wapanda farasi kadha na askari wa miguu kadha, kwa muda kadha, kwa dukati kadha. Mkataba huo uliitwa condotta, na mwenye kuushika akaitwa condottiere. Muda ukiisha, yuko huru kumpigania yule aliyekuwa adui yake jana.

Aliyeijua biashara hii kuliko wote alikuwa Federico da Montefeltro, bwana wa Urbino. Alizaliwa mwaka 1422, mtoto wa nje wa mtawala wa mji. Alipokuwa kijana mdogo alipelekwa Venice kama rehani ya amani, kisha Mantua kwa mwalimu mashuhuri Vittorino da Feltre, ambaye katika chuo chake watoto wa mabwana walisoma pamoja na watoto wa maskini. Huko alipata mapenzi ya vitabu ambayo hayakumtoka mpaka kufa. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa amekwisha kuingia kazi ya upanga.

Utawala hakuupata kwa urithi wa sawa. Mwenye haki alikuwa nduguye kwa baba, Oddantonio, kijana mbadhirifu ambaye wenyeji wa Urbino walimchoka. Usiku mmoja wa Julai 1444 waliingia nyumbani mwake wakamwua. Federico alifika mlangoni mwa mji asubuhi yake, na hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Watu hawakumfungulia mara moja. Walimwekea masharti kwanza: asimwadhibu yeyote kwa damu iliyomwagika usiku ule, na apunguze kodi. Akayakubali, akayaandika, ndipo akaingia. Wako wanaonong'ona kuwa alizijua habari za mauaji kabla hayajatendeka. Hilo halikuthibitika. Lililothibitika ni kuwa masharti yale aliyashika, naye akatawala miaka 38. Muuza vitabu wa Florence aliyemjua sana, Vespasiano da Bisticci, ameandika kuwa Federico alikuwa akitembea mjini bila silaha, akisimama na wenye maduka, akiwauliza hali zao, na mwenye shida akimweleza papo hapo njiani.

Jicho la kulia alilipoteza mwaka 1450 katika mchezo wa mikuki juu ya farasi. Kwa sababu hiyo picha zake zote zinaonyesha upande wa kushoto tu, na pua yake ina pengo juu kama ngazi. Inasemekana alilikata makusudi ili jicho lililobaki lipate kuona upande wa pili. Sijui kama tabibu yeyote angekubali, lakini hadithi inafaa kwa mtu wa namna ile.

Sasa njoo kwenye nyumba. Mgeni akishuka basi Mercatale, nje ya ukuta, huiona juu ya kichwa chake: minara miwili miembamba, na kati yake roshani zilizopandana moja juu ya moja, zote zikitazama machweo. Kumpanda bwana huyo hapana haja ya jua kali la njiani. Ndani ya boma kuna njia ya mviringo izungukayo kama kome, yenye matao na mteremko mpole, ambayo ilijengwa ili farasi wapande nayo kutoka bondeni mpaka kwenye mazizi. Mazizi hayo yalifanywa kuchukua farasi mia tatu. Mimi kwa umri wangu niliipanda njia ile nikimshukuru mtu aliyeifikiri.

Jina lake Francesco di Giorgio Martini, mtu wa Siena. Kabla yake kazi ya jumba ilikuwa mikononi mwa Luciano Laurana, aliyetoka Dalmatia, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1468 Federico alimwandikia Laurana hati ya madaraka, na humo alisema wazi kuwa alitafuta fundi wa kumtosha katika nchi ya Toskana yote, chemchemi ya mafundi, asimpate. Laurana akaondoka mwaka 1472, ndipo akaja huyu Francesco. Naye ndiye aliyeandika vitabu vya ujenzi, na katika vitabu hivyo mna ile picha niliyoifuata mimi kutoka Mombasa: mtu amesimama, na mji umechorwa juu ya mwili wake, ngome kuu ikiwa kichwani. Kutoka karatasi ile mpaka jabali la Mombasa ni zaidi ya miaka mia, lakini nasaba ni moja.

Watu wengi huenda juu kutazama picha. Mimi nawashauri waanze chini. Huko chini ya ardhi mna jiko, mahali pa kufulia, visima, na chumba kirefu cha kutupia theluji wakati wa baridi. Theluji ilishindiliwa humo ikawa barafu, nao wakahifadhi vyakula mpaka kiangazi. Mna pia hamamu ya bwana, yenye chumba cha maji baridi na chumba cha moto, na moto wenyewe ukiwashwa chini ya sakafu. Maji ya mvua ya bustani ya juu yalichujwa yakateremshwa visimani. Mtu aliyekulia katika nyumba ya zamani ya Lamu au ya Mji Mkongwe, yenye birika na mifereji ya dari, atayafahamu mambo haya upesi kuliko Mzungu wa leo aliyezoea bomba.

Juu, ua wa ndani umezungukwa na nguzo na matao, na kuuzunguka wote, katika mistari miwili ya herufi kubwa za Kilatini, mmeandikwa sifa za mwenye nyumba. Mpwa wangu alinifasiria. Yanasema alipambana na adui mara sita, akamfukuza mara nane, akashinda vita vyote, na kwamba uadilifu wake na huruma yake na ukarimu wake na dini yake vililingana na ushindi wake. Nilimwuliza, ni nani aliyeandika? Akasema, ni yeye na wanawe. Nikanyamaza, kwani nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Volterra.

Volterra ni mji wa Toskana, juu ya kilima pia. Mwaka 1471 ulizuka ugomvi juu ya machimbo ya shabu. Shabu ni kile kijiwe cheupe tukijuacho sote majumbani, cha kusafishia maji na kukazia kidonda cha kinyozi. Lakini zamani zile kilikuwa mali kubwa, kwa sababu bila shabu rangi haishiki katika sufu, na Florence ilikuwa mji wa wafuma sufu. Kwa muda mrefu shabu bora ilitoka Anadoli, na nchi hiyo ilipokuwa mikononi mwa Sultani Muhammad wa Pili, mfunguzi wa Istambul, Wataliani walihangaika kutafuta ya kwao. Ilipoonekana Volterra, wenyeji walisema ni yao, na wakubwa wa Florence wakasema mkataba ni wao. Lorenzo de' Medici, bwana wa Florence, kijana wa miaka 23, akaamua vita, akamkodi Federico.

Mji ulizungukwa, ukasalimu amri Juni 1472, kwa masharti yaliyo wazi kwamba roho za watu na mali zao zitasalimika. Milango ikafunguliwa. Askari walipoingia waliupora mji ule, wakaua, wakavunja heshima za wanawake, siku nzima. Wako waandishi wanaomtetea Federico, wanasema askari walimshinda nguvu na kwamba alisikitika. Huenda. Lakini mle Volterra mlikuwa na Mayahudi wenye maktaba nzuri ya vitabu vya Kiebrania, na miongoni mwao nakala kubwa mno ya vitabu vyao vitakatifu iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 13. Vitabu hivyo vilifika Urbino, katika maktaba ya Federico. Vitabu havikujibeba. Watu wa Florence walimshukuru kwa kumpa nyumba ya shamba na kofia ya vita ya fedha.

Hapa mimi na mpwa wangu tulibishana, na mabishano yetu yaliendelea mpaka usiku tukila mkate na jibini. Yeye alisema: "Lakini Mjomba, tazama alivyowatendea watu wake. Kodi alipunguza. Njaa ilipoingia aliwalisha. Mji mzima ulipata kazi katika jumba lile, waashi, maseremala, wanakili. Fedha zote zilitoka nje." Nami nikamwambia ndilo hilo hasa linaloniumiza, kwamba zilitoka nje. Kila dukati iliyojenga ua ule wenye matao mazuri ililipwa na mji wa watu wengine ili mji wa watu wengine tena upigwe. Uadilifu wake ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa ukuta wa Urbino. Akaniuliza, basi ni mtawala gani wa zama zile asiyekuwa hivyo? Sikuwa na jibu la haraka. Na kusema kweli nasi pwani tunayo majumba mazuri ambayo hatupendi kuuliza karafuu zake zilichumwa na nani, na watu hao waliletwaje. Kwa hiyo sikutaka kujifanya kadhi.

Kuna jambo jingine ambalo limekuja kujulikana katika karne hii yetu. Aprili 1478, katika kanisa kuu la Florence, watu walimvamia Lorenzo de' Medici na nduguye Giuliano wakati wa ibada. Giuliano akauawa, Lorenzo akapona na jeraha. Kwa zaidi ya miaka mia tano Federico alihesabiwa kuwa mbali na fitina ile. Kisha mwanahistoria mmoja, Marcello Simonetta, alipata barua ya Federico iliyoandikwa kwa alama za siri, miezi miwili kabla ya mauaji. Akazifumbua. Humo mmeonekana kuwa Federico alikuwa ndani ya shauri, na kwamba askari wake mia sita wangekuwa karibu na Florence kungojea mambo yatakavyokwenda. Lorenzo ndiye yule yule aliyemkodi na kumtuza kwa ajili ya Volterra.

Siku ya pili tulikodi gari tukaenda San Leo. Sijaona mahali kama pale. Ni jabali lililosimama peke yake, pande zote limekatika wima, njia moja tu ya kupandia imechongwa katika mwamba, na juu kabisa ngome yenye minara miwili ya mviringo. Minara hiyo ni ya kazi ya Francesco di Giorgio; aliifanya minene na ya mviringo kwa sababu mizinga ilikuwa imekwisha kuingia vitani, na risasi ya mzinga hubomoa ukuta ulionyooka lakini huteleza kwenye uliopinda. Kutoka hapo ndipo mafundi waliomfuata walipoendelea mpaka wakafikia zile pembe zilizochongoka kama tuzionazo Ngomeni.

San Leo Federico aliiteka mwaka 1441, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuparamia jabali lile lililodhaniwa haliparamiki. Aliyemnyang'anya alikuwa Sigismondo Malatesta wa Rimini, hasimu wake wa maisha. Huyu Sigismondo alikuwa shujaa na mpenda sanaa, lakini hashiki ahadi. Papa Pius wa Pili alichoma sanamu yake hadharani katika Roma. Wasomaji wetu watapenda kujua kuwa mwaka 1461 alimtuma fundi wake Matteo de' Pasti kwenda kwa Sultani Muhammad mfunguzi, amchukulie zawadi ya kitabu cha sanaa ya vita kilichoandikwa na mshauri wake Roberto Valturio. Watu wa Venice wakamkamata mjumbe njiani, kisiwani Krete, wakidhani ni jasusi. Picha za vyombo vya kitabu kile ziliwapendeza hata maadui: katika jumba la Urbino mna vibao 72 vya mawe, vilivyochongwa mizinga, mashine za kuinulia mizigo, vinu na merikebu, na baadhi yake asili yake ni kitabu hicho cha mtu wa Rimini.

Mlinzi wa ngome alituonyesha chumba alichofungwa Cagliostro, laghai mashuhuri aliyejidai kuwa tabibu na mchawi, akahukumiwa na mahakama ya kanisa. Hakina mlango, mfungwa aliteremshwa kwa tundu la dari. Alikufa humo mwaka 1795. Watalii wote walikuwa wamejazana hapo, na kitu walichokuja kukiona ni kitanda cha mbao.

Mimi kilichonishughulisha zaidi ni habari ya boriti. Federico alikufa Septemba 1482 kwa homa ya vinamasi, akiwa vitani karibu na Ferrara. Mwanawe Guidobaldo hakurithi nguvu zake. Alikuwa mgonjwa wa jongo na hakujaliwa mtoto. Mwaka 1502 Cesare Borgia, mwana wa Papa, alimjia ghafula kama rafiki, akamfukuza usiku, akaingia katika jumba lile akabeba vitu vyake vya thamani. Ule ule uporaji wa Volterra sasa umefika nyumbani, miaka thelathini baadaye. Lakini watu wa milimani hawakumpenda bwana mpya. Huko San Leo askari wa Borgia walikuwa wakitengeneza ngome, na boriti zilikuwa zikipandishwa. Wenyeji wakangoja mpaka boriti zilipokuwa juu ya daraja la kuinuliwa. Kwa uzito ule daraja haliinuki. Wakaruka juu yake wakaingia. Ngome ambayo mizinga haikuiweza ilichukuliwa na wachukuzi wa miti.

Guidobaldo aliporudi alifanya jambo ambalo Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Florence, ameliandika kwa kustaajabu: alizibomoa ngome nyingi za nchi yake mwenyewe. Aliona kwamba adui akija tena ngome hizo zitamfaa adui kuliko yeye, na kwamba watu wakimtaka watamrudisha bila ya kuta. Fikiria mtoto anavunja kazi aliyoijenga baba yake kwa jasho la vita vyote vile! Nilipolieleza hili mpwa wangu alisema, "Basi pengine mtoto alikuwa na akili kuliko baba." Sikumpinga.

Tukiwa njiani kurudi tulipita Sassocorvaro, ngome nyingine ya Francesco, ambayo watu husema ina umbo la kobe. Vita havikuipa umaarufu. Ilipopata sifa ni mwaka 1940 na miaka iliyofuata, wakati msimamizi wa sanaa wa nchi ile, Pasquale Rotondi, alipoificha humo na katika majumba jirani maelfu ya kazi za sanaa za Italia kutoka miji mingi ili mabomu yasizifikie na Wajerumani wasizichukue. Nyingine alizificha chumbani kwake mwenyewe. Zilisalimika. Kwa kweli ajabu ni kuwa mali ya Urbino ilipotea zaidi wakati wa amani. Ukoo ulipokwisha mwaka 1631 nchi ikawa ya Papa. Picha zikaenda Florence kama mahari. Chumba cha njumu cha jumba la Gubbio kiliuzwa katika karne ya 19, na tangu 1939 kiko New York. Na mwaka 1975 wezi waliingia usiku kwa madirisha, wakaiba picha tatu za thamani kubwa, zikaonekana Uswisi mwaka uliofuata.

Siku ya mwisho tulirudi jumbani, kwani nilikuwa sijauona moyo wake. Maktaba iko chini karibu na lango. Bwana alitaka wageni waione kwanza. Vespasiano, ambaye ndiye aliyesaidia kuikusanya, anasema waandishi thelathini au arobaini walinakili kwa miaka kumi na minne na zaidi, na kwamba ilimgharimu Federico dukati zaidi ya elfu thelathini. Vilikuwa vitabu kiasi cha 900, vya ngozi, vimefungwa kwa nyekundu na fedha. Katika hesabu anayoitoa wamo Ibn Sina na Ibn Rushd kwa majina yao ya Kilatini, Avicenna na Averroes, wakikaa rafu moja na Hipokrati na Galeni.

Na kimo kitabu kimoja ambacho nilikuwa sikijui mpaka mpwa wangu aliponieleza. Katika miaka ya mwisho ya Federico, mtu wa Sisili aitwaye Flavius Mithridates, aliyezaliwa Myahudi akabatizwa, na aliyekijua Kiarabu, alimtungia zawadi. Alimwandikia sura mbili za Qur'ani Tukufu pamoja na tafsiri ya Kilatini: ya 21 na ya 22, al-Anbiya na al-Hajj.

Nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikazipitia sura hizo moyoni. Katika al-Anbiya mna habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman, rehema na amani ziwashukie, walipoamua kesi ya shamba lililoliwa na kondoo wa watu wengine usiku. Na mara baada yake mna habari ya Daud kufundishwa kutengeneza mavazi ya vita ya kuwakinga watu na shari zao wenyewe. Katika al-Hajj mna idhini waliyopewa wenye kudhulumiwa, waliotolewa majumbani mwao bila ya haki. Na aya ya 45 ya sura hiyo inataja miji iliyoangamizwa ikiwa katika dhulma, na visima vilivyoachwa, na majumba yaliyonyanyuliwa juu. Mithridates huenda alizichagua kwa kubahatisha. Mtu aliyepewa zawadi hiyo alikuwa na deraya za chuma ukumbini, Volterra nyuma yake, na jumba refu kuliko yote milimani. Kama aliwahi kuifungua na kusoma, hakuna alama iliyobaki ya kutujulisha.

Kitabu chenyewe hakiko tena Urbino. Mwaka 1657 Papa Alexander wa Saba aliihamisha maktaba yote kwenda Roma, na zile sura mbili ziko Vatikani mpaka leo, katika fungu liitwalo bado kwa jina la Urbino. Ile nakala kubwa ya Kiebrania iliyotoka Volterra nayo iko huko, na katika orodha ya vitabu vya Kiebrania vya fungu hilo ndiyo namba moja. Vyumba vya maktaba nilivyoingia mimi ni kuta nyeupe.

Tulimaliza kwa kile chumba kidogo cha kusomea, kilicho baina ya minara miwili. Hakizidi mita nne kwa nne. Juu zilitundikwa picha 28 za wenye hekima. Leo zimebaki 14, na nyingine 14 ziko Paris. Walimchora Aristotle na Ptolemy na Papa wao, na hata Nabii Musa na Nabii Suleiman, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Mwarabu hayumo hata mmoja, ijapokuwa Aristotle wao aliwafikia akiwa na sherehe za Ibn Rushd. Lakini chini ya picha kuta zote zimefunikwa kwa njumu ya mbao, vipande vidogo vya rangi mbalimbali vilivyopangwa kwa ustadi hata jicho likadanganyika: makabati yenye milango nusu wazi, kindi anakula, kikapu cha matunda, deraya zimevuliwa zikawekwa. Humo ndimo nilimowaona jamaa zangu. Pana asturlabu imetundikwa, chombo cha nyota kilichowafikia Wazungu kwa mikono ya Waislamu wa Andalusia. Na pana udi, shingo yake imepinda nyuma kama ile ipigwayo katika taarabu zetu.

Na pana vitabu, vingi, vimelala ubavu, kimoja kimefunguliwa. Ni vya mbao. Vya ngozi vyote viliondoka, hivi vikabaki kwa kuwa haviwezi kung'olewa bila kuvunja ukuta. Mpwa wangu alinyosha kidole kutaka kugusa mlango wa kabati aone kama kweli haufunguki, na mlinzi akatupigia kelele tutoke, maana saa ya kufunga ilikuwa imefika.